Birika, Kata na Chokaa: Historia ya Usafi wa Mahali pa Kuogea katika Miji ya Pwani

Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya misikiti, ngome na majumba ya wafalme, lakini wachache wameingia chooni. Si ajabu, maana mahali pale ni pa siri, na adabu humzuia mgeni asipachungulie. Walakini ni vigumu kuipata sehemu ya nyumba inayoonyesha akili za watu na taabu zao kuliko mahali pa kuogea. Sebule ikiachwa siku tatu hupata vumbi. Mahali pa kuogea pakiachwa siku tatu hupata utelezi, ukungu, harufu na mbu. Aliyetaka kuoga kila siku alilazimika kufikiri kila siku juu ya uchafu wa mahali pale pale alipoondolea uchafu wake. Namna watu wa pwani walivyolitatua jambo hilo ni historia ndefu, nayo ina sifa ndani yake, na ina aibu pia.

Habari ya zamani iliyo wazi ni ya msafiri Ibn Batuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331. Aliona milangoni mwa misikiti visima vifupi, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa katika kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Ardhi ya kandokando ilikuwa imesakafiwa. Watu wengi walitembea miguu mitupu, na kila aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu yake kwanza, kisha akaipangusa juu ya kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni. Msafiri yule aliyaona mambo hayo kuwa ya kutajwa, wala hakukosea, kwa kuwa katika maneno yake machache umo mpango mzima wa usafi wa pwani. Mkono haukuingia kisimani. Kiliingia chombo chenye mpini. Maji machafu hayakurudi yalikotoka; yalimwagika juu ya sakafu yakaenda zake. Uchafu wa njiani haukungojwa mpaka uingie ndani ndipo usuguliwe, ulizuiwa mlangoni.

Magofu yanashuhudia hayo hayo. Huko Gede, karibu na Malindi, mahali palipoanza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948, msikiti mkuu una kisima, birika, na mawe ya kusugulia miguu mahali pa kutawadhia. Jiwe la matumbawe lenye mikwaruzo lilifanya kazi ya brashi, nalo halikuoza wala halikupotea. Katika kisiwa cha Kilwa, jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika kubwa la kuogea lenye pembe nane. Atazamaye birika lile leo huyastaajabia maumbo yake. Afikiriye zaidi hujiuliza ni nani aliyelijaza maji, na ni nani aliyeingia ndani yake kulisugua lilipokauka.

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zinaonyesha ustadi huo ulipofika kileleni. Humo neno choo lilikuwa na maana pana: kilikuwa mahali pa haja, pa kutawadhia na pa kuogea pamoja. Katika pembe moja lilijengwa birika la mawe na chokaa. Mwogaji hakuingia birikani. Alisimama kando yake, akateka maji kwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti, akajimwagia. Maji aliyokwisha kuyatumia yalifuata mteremko wa sakafu mpaka kwenye tundu la kutokea.

Desturi hiyo ilikuwa na nguvu ya sheria. Watu wa pwani walio Waislamu aghalabu hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika fikihi ya madhehebu hayo maji machache yaliyotuama huharibika kwa kuingiwa na najisi hata yasipobadilika rangi, ladha wala harufu. Kipimo kinachopambanua maji machache na maji mengi ni kulateni, ambacho kwa vipimo vya sasa ni kama lita 200. Tena maji machache yaliyokwisha kutumiwa katika tohara hayatumiwi mara ya pili kwa tohara. Mwenye birika dogo, basi, hakuwa na ruhusa ya kuwa mzembe. Mkono mmoja mchafu uliotumbukizwa kwa haraka ungeweza kuwaharibia watu wa nyumba nzima maji ya siku nzima. Kata haikuwa pambo la umaskini, kama wageni wengine walivyodhani. Ilikuwa mlinzi aliyesimama kati ya mwili na maji.

Lakini birika lina adui ambaye kata haimzuii, naye ni mbu. Maji yaliyotuama kivulini ni shamba la viluwiluwi. Watu wa Lamu walitia samaki wadogo birikani, nao samaki walikula viluwiluwi kabla havijaota mabawa. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure la Kichina, ili maji yanapofunguliwa kwa kusafisha birika, samaki wapate kimbilio katika maji yanayobaki bakulini. Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897, huko India, kuwa mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria. Samaki wa Lamu walikuwa kazini kabla ya hapo. Waliowaweka hawakuwa na darubini wala hawakuyajua maradhi yote yaletwayo na mbu. Walijua tu kuwa maji yenye samaki hayazai mbu, na ujuzi huo uliwatosha kutenda lililo jema.

Jambo la pili la kusifiwa ni chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakazimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa miezi kadhaa ilainike. Sakafu iliyotengenezwa kwa chokaa na kokoto ilipigiliwa kwa vipande vya mti siku nyingi, watu wakiimba ili mapigo yalingane, mpaka ikashikamana isipenye maji kwa urahisi. Kuta za choo na za birika zilipakwa lipu laini iliyosuguliwa ikang'aa. Ulaini huo haukutakiwa kwa uzuri peke yake. Uchafu hukaa penye mashimo, na palipo laini huteleza ukaondoka na maji.

Zaidi ya hayo chokaa mpya ni kali, na katika ukali wake ukungu hauoti. Walakini ukali huo haudumu. Hewa huingia katika chokaa kidogo kidogo na kuirudisha katika hali ya jiwe ilikotoka, ikawa nyeupe bado lakini imepoa. Ndiyo sababu kupaka chokaa upya mara kwa mara hakukuwa kazi ya kupamba tu bali ya kutibu ukuta. Usafishaji wa kila siku nao ulikuwa na kanuni yake. Utelezi ulisuguliwa kwa makumbi ya nazi na maji, na sakafu ikafagiliwa kwa fagio la chelewa maji yasituame. Ndimu na ukwaju, vitu ving'arishavyo vyombo vya shaba, havikufaa hapo, kwa kuwa uchachu huila chokaa. Mtu aliyesugua birika kwa ndimu angelipata jeupe leo na lenye mikwaruzo kesho, na katika mikwaruzo ile uchafu ungejenga makao mapya.

Hayo ndiyo ya kusifiwa. Sasa yafuate ya aibu. Birika lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kina cha nusu mita huchukua lita 500. Kwa kipimo cha debe la lita 20, hizo ni safari 25 za kwenda kisimani, na kila debe lina uzito wa kilo 20 bila ya kuhesabu bati lake. Kabla ya madebe ilikuwa mitungi, ambayo ina uzito wake wenyewe. Katika nyumba za matajiri mzigo huo haukubebwa na mwenye kuoga. Ulibebwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Waliojaza birika ndio walioosha sakafu na kuupisha uchafu. Bakuli la Kichina lililoko chini ya birika limehesabiwa, limechorwa na kuandikwa katika vitabu. Majina ya walioliosha hayakuandikwa. Usafi wa bwana ulikuwa jasho la mtu mwingine.

Katika Unguja mambo hayo yalifanyika kwa ukubwa wa kifalme. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo alieleza mabafu ya jumba la Mtoni, ambamo tangu kabla ya alfajiri mpaka usiku wa manane watu waliingia na kutoka bila ya kukoma. Baba yake, Seyyid Said, alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shaharazad, mjukuu wa Shah Fath Ali, ikapambwa kwa nakshi za chokaa za maua na ndege. Maraha hayo yalikuwa ya wachache. Mji wenyewe ulitegemea visima, na kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyeishi Unguja wakati ule, aliandika kitabu juu ya msiba huo mwaka 1876.

Seyyid Barghash alitawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Yeye aliyaleta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji, akajenga pia hamamu ya watu wote katika mtaa ambao mpaka leo huitwa Hamamni. Hapa historia inageuka kidogo. Kwa mara ya kwanza usafi wa mji ulikuwa jambo la mji, si la birika la kila mwenye nyumba. Maji yaliyojileta yenyewe yaliwapunguzia wachukuzi safari nyingi, na katika mwaka 1897 hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa na sheria katika Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya jambo hilo lilitimia mwaka 1907.

Majumba makubwa hayakuweza kustahimili mabadiliko hayo. Jumba la Maruhubi liliungua mwaka 1899, yakasalia mabafu yake na nguzo. Hamamu ya mjini iliacha kufanya kazi mwaka 1920. Nakshi za Kidichi zimeshikwa na ukungu, maana mahali pa kuogea pasipoogewa wala kusuguliwa huchafuka upesi kuliko penye watu mia. Mawe hayajapungua, mikono ndiyo iliyopungua.

Wakati wa utawala wa Waingereza lilikuja hodhi la chuma la kizungu, na pamoja nalo desturi nyingine: mwogaji kukaa ndani ya maji anayoogea. Desturi hiyo ina raha yake, lakini ilileta kazi mpya. Maji ya visima vya miji iliyosimama juu ya matumbawe yana chokaa ndani yake, na sabuni ikikutana na chokaa hiyo hufanya utando mzito unaoganda kandokando ya hodhi kama alama ya maji kupwa. Maji yakikauka juu ya bomba na vigae huacha ganda jeupe. Ganda hilo ni ndugu wa lipu ya Lamu, na dawa yake ni uchachu ule ule ulioepukwa zamani: siki au ndimu juu ya vigae huliyeyusha, bali juu ya marumaru na lipu ya chokaa huharibu. Katika nyumba nyingi saruji iliwekwa juu ya kuta za zamani kwa kudhaniwa kuwa ni imara zaidi. Ikafungia unyevu ndani, na ukuta ukaoza ukiwa umevikwa nguo mpya. Mafundi wanaohifadhi Mji Mkongwe wa Unguja wamerudia chokaa kwa sababu hiyo.

Aogaye leo kwa bomba la mvua anarudia pasipo kujua mpango wa kata: maji safi hushuka, machafu huteremka, wala hayakutani. Palipobaki kwake ni padogo. Akimaliza, asuuze utando wa sabuni kabla haujakauka, asukume maji yaliyotuama, apanguse kuta, afungue dirisha hewa ipite. Dakika chache za kila siku humwepusha na siku nzima ya kusugua. Huo si ugunduzi mpya. Watu wa Mombasa walimwonyesha Ibn Batuta mambo hayo pale mlangoni pa msikiti, kwa kijiti, sakafu na kipande cha mkeka.

Tofauti iliyo kubwa ni ya mikono. Katika nyumba ambamo kila mtu huosha mahali alipoogea, yamepatikana yale ambayo birika lenye bakuli la kaure, pamoja na uzuri wake wote, halikuwa nayo. Na katika nyumba ambamo kazi hiyo ingali inasukumiwa mtu mmoja asiyetajwa jina, birika limebadilika umbo tu. Magofu ya pwani yanafundisha kuwa akili za wajenzi zilikuwa kubwa na kwamba chokaa yao ilikuwa njema. Ni haki pia yafundishe kwamba palikuwa na mtu aliyeinama kila alfajiri akasugua, ili wengine waingie mahali safi.