Vyakula vya Vibanda vya Ngome ya Yesu

Vyakula vya vibanda vya Ngome ya Yesu ni vitafunio vinavyopikwa na kuuzwa barazani, vibandani na kwenye meza za kando ya njia karibu na Ngome ya Yesu, kisiwani Mombasa, nchini Kenya, na katika mitaa ya Mji wa Kale kama Kibokoni, Makadara na Kuze. Asubuhi ni zamu ya mahamri na mbaazi za nazi. Kuanzia alasiri hadi usiku huja viazi karai, bajia, sambusa, katlesi na mishkaki, na pembeni yake muhogo, kachri, achari na mabuyu. Wenyeji hawali tu vyakula hivi. Huvitetea kama wanavyoutetea mtaa wao, na ubishi kuhusu viazi vya nani ni vitamu zaidi unaweza kuendelea mpaka kahawa ikapoa.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Historia hiyo hiyo inaonjwa hapo nje kwa shilingi chache. Muhogo, pilipili na viazi vina asili ya Amerika, na wapo watu wa pwani ambao hadi leo viazi huviita mbatata, neno lenye asili ya Kireno. Karai, bajia, achari na chatne ni majina yaliyokuja na Wahindi. Halwa ilitoka Omani. Mahamri ni ndugu wa neno hamira, na yote mawili yana mzizi katika neno la Kiarabu la unga uliochachuka. Ubuyu haukuvuka bahari yoyote, kwani mibuyu mikubwa imesimama pale pale kisiwani, kando ya barabara ya Mama Ngina.

Viazi karai

Chakula kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni viazi karai. Viazi vidogo huchemshwa, vikamenywa, vikatiwa chumvi. Unga wa ngano au wa dengu hukorogwa kwa maji na manjano mpaka uwe uji mzito wa rangi ya kiini cha yai. Wengine hutia kitunguu saumu, wengine hukataa katakata. Kiazi huchovywa humo kwa vidole na kudondoshwa kwenye mafuta yanayochemka. Hapo ndipo mkono wa mpishi hujulikana. Uji ukiwa mwepesi, ganda huvuja na kuacha kiazi uchi. Ukiwa mzito, mlaji hutafuna unga mtupu. Ganda zuri ni jembamba, lina vijitawi vya unga uliotawanyika kwenye mafuta, na limeshikana na kiazi.

Viazi vikiiva hupasuliwa katikati na kumwagiwa rojo la ukwaju lenye pilipili, na mara nyingi chatne ya nazi juu yake. Rojo hilo ndilo hasa linalomrudisha mteja. Kiazi karibu kila mtu anaweza kukikaanga, lakini ukwaju wa meza moja haufanani na wa meza ya pili, hata kama zimeachana hatua kumi.

Ukimuuliza mtu wa Kibokoni viazi vitamu viko wapi, atakutajia baraza, kona ya msikiti, au mama anayejulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza. Meza nyingi hazina bango, wala hazihitaji. Wapo waliohamia Kisauni na Likoni miaka mingi iliyopita ambao bado huvuka daraja la Nyali au kivuko cha Likoni jioni kuja kula kwenye meza waliyokulia, na njiani wakapita meza nyingine chungu nzima zenye viazi vile vile.

Mapenzi ya namna hii si ya Mombasa peke yake. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, watu hugawanyika kati ya maduka ya Wawa, kampuni iliyofungua duka lake la kwanza la vyakula mwaka 1964, na ya Sheetz, yaliyoanza Altoona mwaka 1952, na kila upande huapia mkate wake wenye nyama. Kampala nao wana rolex yao, chapati iliyokunjwa na mayai. Tofauti ni kwamba duka la Marekani lina matawi mamia, na kazi ya kampuni ni kuhakikisha ladha ya tawi moja inafanana na ya jingine. Meza ya Mji wa Kale haina tawi. Mama akiugua, mtaa mzima hukosa viazi jioni hiyo.

Mpinzani wa karibu ni Unguja. Mzanzibari atakuambia kwamba hakuna rojo lililoushinda urojo wa kwao, na atakualika Forodhani uhakikishe mwenyewe. Urojo ni mtamu kweli, ila ni chakula cha bakuli chenye mambo mengi ndani yake, na kuupimanisha na kiazi kimoja kilichopasuliwa ni kukionea kiazi. Majina nayo hutofautiana: mkate wa sinia wa Mombasa ni mkate wa kumimina ukifika Unguja. Kwa watu wa bara kila kitu ni mandazi, na hapo mwenyeji wa Mombasa hushindwa kunyamaza. Mahamri hukandwa kwa tui la nazi na iliki, huvimba yakawa na uwazi ndani, na uwazi huo ndio mahali pa mbaazi.

Vinavyosafiri

Vitafunio vingine vimeumbwa kwa safari. Kachri, yaani muhogo uliokatwa vipande vyembamba mno na kukaangwa, huuzwa upande wa bahari panapoitwa Lighthouse, kwenye ufuo wa Mama Ngina uliokarabatiwa mwaka 2019. Hutiwa kwenye mfuko pamoja na chumvi, pilipili ya unga na ndimu, kisha mfuko hutikiswa. Achari za embe kavu hufungwa vipaketi vidogo ambavyo watoto hununua wakitoka chuoni.

Mabuyu ndiyo yanayokwenda mbali zaidi. Sukari huchemshwa na maji mpaka iwe shira nzito, ikatiwa iliki na rangi nyekundu, wengine na pilipili kidogo. Kisha kokwa za ubuyu zikiwa na unga wake humiminwa na kukorogwa haraka kabla sukari haijaganda. Mlaji humung'unya mpaka abaki na kokwa tupu, ulimi na vidole vikiwa vyekundu. Tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017, mifuko ya mabuyu hupanda stesheni ya Miritini kila siku kuelekea Nairobi, na anayerudi kutoka Mombasa bila mabuyu hana budi kujieleza.

Hata Ghuba kuna jamaa wa meza hizi. Mjini Muscat, nyama ya kijiti inayochomwa kando ya barabara huitwa mishkak, na mtu wa Mombasa akiiagiza hahitaji mkalimani.

Viazi karai haviwezi safari kama ya mabuyu. Baada ya saa moja ganda hulainika, na vikipashwa moto havirudi kuwa vile vilivyokuwa. Ni lazima mtu avifuate vilipo, na ndiyo sababu vinastahili kutunzwa pale vilipo. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hifadhi hiyo inaangalia majengo: milango ya kuchongwa, roshani, kuta za matumbawe. Ujuzi wa meza haumo, na ungefaa kuandikwa wakati wenyewe wangali wakikaanga. Mabinti huupokea kwa kusimama kando ya karai wakishika sahani, na mama akiulizwa ukwaju ni kiasi gani, hukunja kiganja akaonyesha.