Mafunzo ya Udhibiti Husishi wa Visumbufu kwa Maafisa Ugani wa Halmashauri (Tanzania)

Mafunzo haya huwaandaa watumishi wa kilimo walioajiriwa na halmashauri ili wamudu kumshauri mkulima namna ya kupambana na wadudu, magonjwa, magugu na panya kwa kuunganisha mbinu kadhaa, huku viuatilifu vya kemikali vikiwa hatua ya mwisho. Tangu huduma za ugani zikabidhiwe serikali za mitaa mwishoni mwa miaka ya 1990, afisa wa kata au kijiji ndiye anayeulizwa kwanza shamba linaposhambuliwa, na jibu lake huamua kama mkulima atakimbilia bomba la kupulizia au la.

Chimbuko

Mwaka 1959 wataalamu wanne wa California, yaani Stern, Smith, van den Bosch na Hagen, walifafanua dhana ya kizingiti cha kiuchumi, ambacho ni wingi wa wadudu unaompasa mkulima kuchukua hatua kabla hasara haijalingana na gharama ya udhibiti. Mtindo wa kufundisha ulitoka Indonesia, ambako mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuawadudu katika mpunga baada ya kudhihirika kuwa upuliziaji holela uliangamiza maadui asilia wa wadudu waharibifu. Mwaka 1989 mashamba darasa ya kwanza yakaanzishwa huko kwa msaada wa FAO.

Maudhui na mbinu

Kiini cha mafunzo ni shamba darasa, yaani kundi la wanafunzi linalokutana shambani kila wiki tangu kupanda hadi kuvuna, likilinganisha kitalu kinachopuliziwa kwa mazoea na kile kinachoamuliwa kwa ukaguzi. Mfano mzuri wa ukaguzi huo ni ule wa viwavijeshi vamizi, walioripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017. Afisa hupita shambani kwa mkondo wa herufi W, akisimama katika vituo 5 na kukagua mimea 10 kila kituo. Hufunua majani machanga ya katikati ya mhindi kutafuta kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao, kisha humtambua kiwavi kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kiwavi aliyekua hujificha ndani ya majani hayo ya katikati, ambako dawa haimfikii kwa urahisi, hivyo anayejifunza kukagua mapema humwokolea mkulima fedha na afya. Mafunzo hugusa pia kantangaze wa nyanya, usafi wa shamba, mbegu kinzani, mitego, usomaji wa lebo na mavazi ya kinga.

Taasisi

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Vyuo vya kilimo, kikiwemo Ilonga, huandaa maafisa kabla ya ajira.

Hali ya sasa

Mwaka 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki, hatua iliyowasogeza karibu na mashamba. Hata hivyo, semina ya siku mbili ukumbini haiwezi kuchukua nafasi ya msimu mzima shambani, kwa kuwa mdudu hubadilika pamoja na umri wa zao. Halmashauri inayotaka mafunzo yenye tija haina budi kuyatengea bajeti ya msimu kamili.