Yatokanayo

Tangu nistaafu ualimu nimejizoesha jambo ambalo wenzangu ninaocheza nao bao huliona la ajabu. Baraza la Madiwani linapokutana, kila robo mwaka, huvaa koti langu la zamani la kazini, nikachukua daftari na kwenda kukaa kwenye viti vya nyuma wanakowekwa wananchi. Hakuna aliyenialika wala anayenizuia, kwa kuwa mikutano hiyo ni ya wazi kisheria. Huwa tunakuwa watu wanne au watano: mwandishi wa habari mmoja, vijana wenye shida yao ya kizimba sokoni, na mimi. Vijana wakishasikia la kwao huondoka. Mimi hubaki mpaka dua ya kufunga.

Sehemu ya mkutano niipendayo ni ile wasiyoipenda wengine. Baada ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, mwenyekiti hutaja ajenda iitwayo Yatokanayo. Ni jedwali tu. Upande mmoja yameandikwa maagizo ya kikao kilichopita: choo kipya cha soko kichimbwe, taka za stendi ziondolewe kabla ya Ijumaa, ng'ombe wa mnadani wasipitishwe mbele ya zahanati. Upande wa pili yameandikwa majibu, nayo ni ya aina tatu: limetekelezwa, linaendelea kutekelezwa, halijatekelezwa kwa ufinyu wa bajeti. Madiwani hupekua upesi, mmoja wawili husinzia. Mimi ndipo ninapoamka, kwa sababu nimeishi miaka ya kutosha kuikumbuka nchi hii ya Bariadi ikiwa na baraza lisilojibu, kisha ikiwa haina baraza kabisa, kisha ikiwa nalo tena.

Baba yangu alizaliwa chini ya utemi wa Ntuzu, wakati Bariadi ingali sehemu ya Wilaya ya Maswa. Waingereza walikuwa wametunga sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, katika utawala wa Gavana Donald Cameron, na kwa sheria hiyo mtemi na wanangwa wake wakawa ndio serikali tuionayo. Kodi waliikusanya wao. Sehemu ikaenda serikalini, sehemu ikabaki katika hazina ya wenyeji, nayo ndiyo iliyolipa makarani, matarishi, mahakama ya mtemi na njia za kupitia mikokoteni. Baba alitunza stakabadhi zake za kodi ndani ya mkebe wa bati. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni noti za zamani, kwa jinsi alivyozifunga kwa uzi.

Baraza la siku zile lilikuwa na mambo mengi ya kusema. Baada ya vita vikuu vya pili likaja shirikisho la watemi wa Usukuma, makao yake Malya, na pamoja nalo mpango mkubwa wa maendeleo uliokuja na amri kwa mafungu: lima matuta ya namna hii, punguza mifugo, ng'oa mabua ya pamba uyachome kabla ya tarehe fulani. Zipo amri zilizokuwa na akili ndani yake. Ile ya mabua tunayo mpaka leo, maana funza wa pamba hajui kama mkoloni aliondoka. Lakini amri zilishuka tu, na aliyezivunja alitozwa faini; haukuwapo ukurasa ambao mkulima angeuliza lililoahidiwa mwaka jana limefikia wapi.

Watu walichoka. TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma tangu mwaka 1954, na zuio hilo halikuondolewa mpaka 1958. Mwaka huohuo, jirani zetu wa Geita walilikataa baraza la mseto, yaani baraza la wilaya ambalo Waingereza walitaka Wazungu na Waasia wakae humo pamoja na Waafrika bila ya wananchi kuridhia. Maelfu walitembea kwa miguu hadi Mwanza kuwaona wakubwa. Nimekuwa nikiwaeleza vijana kwamba mojawapo ya migogoro mikubwa ya siasa huku kwetu kabla ya Uhuru ilihusu halmashauri ya wilaya, nao hunitazama kama mtu anayetania.

Baada ya Uhuru tukapata madiwani wa kuchaguliwa, na utemi ukafutwa mwaka 1963. Halmashauri mpya zilipewa shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini na masoko. Mzigo ulikuwa mkubwa na mfuko mdogo, na mfuko huo nao haukudumu. Kodi ya kichwa iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri ilifutwa mwaka 1969, ushuru wa mazao ukafutwa 1970. Mwaka 1972 Serikali ikatangaza Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani iitwayo McKinsey, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Za miji zilifuata 1973.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nami nilishangilia. Niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba madaraka sasa yamesogezwa karibu na wananchi, na niliamini nilichosema. Kwa upande mmoja ilikuwa kweli: wataalamu walishuka kutoka Dar es Salaam wakaja mikoani na wilayani. Lakini walikuja wakiwa watumishi wa wizara na wa mkoa. Diwani aliyekuwa akisimamishwa njiani na mama mwenye mtungi kichwani, akaulizwa kisima kimekuwaje, alikuwa ameondoka.

Nilijifunza hilo kwa bawaba za mlango. Shule niliyofundisha, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mlango wa stoo ulioning'inia upande mmoja. Zamani mambo kama hayo mwalimu mkuu aliyamaliza kwa kumfuata diwani nyumbani kwake jioni. Sasa tukaandika barua. Barua ikaenda wilayani, ikajibiwa kwamba maombi yaingizwe katika mpango wa mwaka. Mpango ukaenda mkoani. Mwaka uliofuata tukaandika tena, kwa kuwa aliyepokea ya kwanza alikuwa amehamishwa. Sikumbuki kuwa kuna mtu aliyekuwa mbaya katika safari hiyo yote. Mlango tuliutengeneza wenyewe kwa ngozi ya ng'ombe.

Bawaba ni jambo dogo. Mijini yalikuwa makubwa zaidi: mifereji ikaziba, taka zikalala mitaani, na kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka hiyo ya sabini kilizikuta nyingi ya kazi hizo hazina mwenyewe. Mwaka 1978 Serikali ikarudisha mamlaka za miji. Kwa vijijini tulingoja zaidi. Sheria zikapitishwa 1982, na halmashauri za wilaya zikarudi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, yapo mambo mawili asingeyafanya: kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kwa sisi wa nchi ya pamba pigo hilo la pili lilikuwa zito kama la kwanza.

Sasa niungame jambo. Halmashauri zilirudi pamoja na kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kuilipa, na asiyekuwa na stakabadhi alisakwa na mgambo. Mimi mwenye mshahara nilikuwa na yangu. Mdogo wangu hakuwa nayo. Asubuhi moja alikuja mbio akaingia chumba cha kuhifadhia pamba, akajifukia ndani ya marobota mpaka pua, na mgambo walipobisha hodi nikawaambia, nikiwatazama usoni, kwamba amekwenda Lamadi kununua samaki. Wakaondoka. Tulicheka siku nzima. Wiki chache baadaye mtoto wake alishikwa na homa, zahanati haina dawa, naye akaja kwangu akiilaani halmashauri kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwitikia. Hakuna kati yetu aliyeikumbuka ile pamba.

Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na haki yake ilifutwa, maana ilimtoza fukara sawasawa na tajiri na ikamfanya mwananchi amkimbie mtu wa serikali yake. Lakini pengo lake lilizibwa na ruzuku kutoka Hazina, na tangu hapo swali la dawa likawa na njia ndefu zaidi ya kupita.

Mwezi Machi 2012 Simiyu ikawa mkoa, ikimegwa hasa kutoka Shinyanga, nasi tukawa makao makuu. Mji wa Bariadi ukapata halmashauri yake wenyewe, ukitengana na ile ya wilaya, na leo mkoa mzima una halmashauri sita kwa watu zaidi ya milioni mbili. Mapato yetu bado yananuka pamba na ng'ombe: ushuru wa mazao, minada, vizimba, leseni. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Anayelipa kisheria ni mnunuzi, ingawa mkulima yeyote wa hapa atakwambia anajua unatoka mfukoni mwa nani. Mwaka huohuo barabara zikakabidhiwa TARURA. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakaenda RUWASA. Na tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, kwa hiyo hata mkusanyaji hatumwoni tena.

Sisemi kwamba wakala hawa hawana kazi. Wana wahandisi, na halmashauri ndogo nyingi zilikuwa zikimtegemea fundi mmoja asiye na gari. Nimepita juu ya madaraja waliyoyajenga na yamesimama. Ninachokiona mimi kutoka viti vya nyuma ni kile kilichotokea kwenye jedwali. Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao katika mji mmoja wa mkoa huu, nao sitautaja. Diwani mmoja wa viti maalumu, mama mtu mzima, aliuliza habari ya kalavati lililobomoka karibu na shule, watoto wanavuka kwa kushikana mikono mvua ikinyesha. Akasomewa jibu la aina ya nne, ambalo sikuwahi kulisikia zamani: suala limewasilishwa kwa mamlaka husika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema mama yule, "hiyo mamlaka husika imekaa wapi humu ndani nigeuke niitazame?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akaagiza meneja husika aandikiwe barua ya kualikwa kikao kijacho, na agizo hilo liingizwe kwenye Yatokanayo. Mama akakaa, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaliandika mwenyewe kwenye kitabu chake kabla karani hajamaliza kuliandika.

Nami nikaliandika kwenye langu, na tarehe. Robo iliyofuata nilipanda basi mapema ili niwahi kiti.