Mbung'o, Mlinzi wa Kwanza wa Saadani

Ndugu msomaji, sisi watoto wa mjini tukisikia neno "mbuga", akili inakimbilia Serengeti. Tunawaza nyumbu, tunawaza Mzungu na kamera yake, basi. Wachache wanajua kwamba ukitoka Dar es Salaam, ukaipita Bagamoyo na kuvuka mto Wami, unafika mahali ambapo tembo huweza kuacha nyayo zake kwenye mchanga wa bahari. Hapo ndipo Saadani. Hifadhi nyingi za taifa za Tanzania ziko bara, mbali na maji ya chumvi. Hii inapakana na Bahari ya Hindi yenyewe, na ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,100.

Nimejiuliza swali moja: kwa nini pori hilo bado lipo? Pwani yetu imelimwa, imekatwa, imejengwa. Saadani ilisalimikaje? Utajibiwa kwamba serikali ilitangaza hifadhi. Ni kweli, lakini serikali nayo ilikuta kitu cha kutangazia. Kabla askari wa wanyamapori hawajavaa magwanda yao, palikuwa na mlinzi mwingine, mdogo kama nzi wa jikoni. Namzungumzia mbung'o.

Turudi nyuma. Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari, tena yenye jina. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilishukia hapo, na ng'ambo ya maji iko Unguja. Kila mzigo ulibebwa na binadamu, kichwani au begani. Wamisionari wa London Missionary Society, waliokuwa wakitafuta njia ya kwenda Ujiji, wakaona wapagazi ni ghali na wasumbufu. Roger Price, aliyekwisha kuzoea magari ya kukokotwa na ng'ombe huko kusini mwa Afrika, akaamua kujaribu. Mwaka 1876 alitoka Saadani na ng'ombe mpaka Mpwapwa, akarudi na habari njema: njia inapitika!

Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaondoka na magari yake. Jamani! Ng'ombe wakaanza kukonda, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Wenye msafara wakawarudia wapagazi walewale waliowakimbia. Ng'ombe wale waliuawa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ila wakati huo hakuna aliyeweza kuthibitisha. Kijidudu chake kilikuja kuonyeshwa na daktari David Bruce huko Zululand katika miaka ya 1890.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1888 watu wa pwani walipowakatalia Wajerumani, Abushiri aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na Saadani ilikuwa chini ya Bwana Heri. Mwaka 1889 Wajerumani waliupiga mji kwa mizinga na kuuteka. Bwana Heri akarudi nyuma bara, akaendelea kupigana mpaka alipoweka silaha mwaka 1890. Baadaye reli moja ikaanzia Tanga na nyingine Dar es Salaam. Saadani ikabaki katikati, haina hili wala lile. Bandari isiyofikiwa na mizigo hugeuka kijiji cha wavuvi. Na mahali pasipolimwa vichaka hurudi, na vichaka ndiyo nyumba ya mbung'o.

Unadhani watu walikoma? Wapi! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba ya mkonge huko Tanga, ilianzisha ranchi ya Mkwaja, upande wa kaskazini wa Saadani. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 460. Safari hii hawakwenda mikono mitupu kama wale wamisionari. Walileta ng'ombe wa Boran, wakawachoma sindano za kinga mara kwa mara. Maelfu ya ng'ombe waliishi pale, lakini kwa kutegemea bomba la sindano. Huku vichaka vinaota malishoni, vinakatwa, vinaota tena. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Mdudu yuleyule aliyemshinda mmisionari alikuwa ameisumbua na kampuni kwa karibu miaka 50.

Kitu kimoja kilinifurahisha niliposoma habari hizi. Wanasayansi walioikagua Mkwaja baada ya kufungwa walikuta kwamba pale palipokuwa na mazizi ya usiku, samadi ilikuwa imerutubisha ardhi na majani mafupi matamu yameota. Ngiri wanakwenda kula hapo. Yaani kazi yote ile ya sindano na kufyeka imebaki kuwa bustani ya ngiri!

Tuitazame sasa nyumba yenyewe iliyolindwa, tukianzia majini. Kwenye ufukwe wa Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Kwenye mdomo wa Wami kuna mikoko: mchu, mkandaa, mlilana. Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitema chumvi hiyo kupitia majani yake. Mizizi ya miti hiyo hushika tope, na katikati yake kamba wachanga hujificha mpaka wakue. Ukitoka mikokoni unaingia kwenye tambarare tupu zenye chumvi, kisha nyika ya udongo mweusi ambao ukinyesha mvua gari halitoki. Humo kuna migunga na mivumo, kuna twiga, kongoni, tohe na kuro. Mbele zaidi, juu ya mwinuko, uko msitu wa Zaraninge, kipande kilichosalia cha misitu ya pwani, ambamo mbega huruka mti hadi mti. Vyote hivi vinategemeana. Wami ukikosa maji huko juu, mkoko wa huku chini unaumwa, na mvuvi anarudi na ndoo tupu.

Ulinzi wa kiserikali ulikuja miaka ya 1960, Saadani ilipofanywa pori la akiba. Wanakijiji wanasimulia kwamba wao wenyewe waliikaribisha serikali, kwa sababu wageni walikuwa wanawamaliza wanyama, na kwamba makubaliano yalikuwa wao wabaki walipo. Mwaka 2005 pori hilo, pamoja na ardhi ya Mkwaja na Zaraninge, likawa hifadhi ya taifa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuuma. Uvinje, kitongoji cha Saadani, kikajikuta ndani ya mpaka kwenye ramani, na ukazuka mgogoro mrefu kuhusu nani mwenye haki ya kukaa ufukweni pale.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu zangu. Mbung'o alimfukuza ng'ombe, lakini mvuvi alimwachia nyumba yake. Kwa zaidi ya karne moja mvuvi, mkoko na tembo waliishi jirani. Ramani ikitaka kumwondoa mvuvi, basi lazima ieleze kosa lake ni lipi. Mimi si mpinzani wa hifadhi. Bila hifadhi leo Saadani ingekuwa viwanja vinavyouzwa kwa mita. Ninachosema ni kwamba waliolitunza pori kabla halijapata bango nao wahesabiwe.

Tena jambo hili linatuhusu sisi tunaojifunza kuandika. Habari za ng'ombe wa mwaka 1877 tunazo, kwa kuwa wamisionari waliandika barua. Za Mkwaja tunazo, kwa kuwa wataalamu waliandika ripoti. Lakini makubaliano ya miaka ya 1960, yale yaliyosemwa barazani chini ya mti, yamo vichwani mwa wazee, na wazee hawaishi milele. Kutoka Dar mpaka Saadani si safari ya kutisha. Chukua daftari, nenda, mwamkie mzee shikamoo, kaa chini umsikilize. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.