Walimu wa Kiswahili Waliotangulia Ulaya

Kila mwaka wanafunzi wetu wa Gisenyi na wa Rubavu yote huwajia walimu wao na swali lile lile: nafasi za masomo Ulaya hupatikanaje? Buruse, kama tulivyozoea kuiita hapa kwetu, ni tumaini la vijana wengi, wala si tumaini baya. Lakini watu wengi hudhani kwamba njia ya kutoka Afrika ya Mashariki kwenda katika vyuo vikuu vya Ulaya ilifunguliwa baada ya uhuru, na kwamba wa kwanza kuipita walikuwa wanafunzi. Historia yaonyesha vingine. Miongoni mwa waliotangulia walikuwamo walimu, na kilichowapeleka huko ni Kiswahili. Katika makala haya tungependa kuwakumbusha wasomaji wetu habari za walimu hao, maana yaliyowapata yanahusu kazi yetu hata leo.

Mwaka 1887, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kujitwalia sehemu za Afrika ya Mashariki, ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha mji huo. Kusudi lake halikuwa elimu tupu. Dola ilihitaji watu watakaoweza kutawala, kuhukumu na kufanya biashara katika nchi za mbali, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo. Profesa wa Kijerumani alieleza sarufi. Pembeni yake alikuwapo mzaliwa wa lugha, aliyeitwa lekta, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Wa kwanza kuishika kazi hiyo walitoka Unguja: Sleman bin Said, na baada yake Amur bin Nasur. Amur aliandika habari za maisha yake huko Berlin, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa C. G. Büttner.

Mambo hayo hayako mbali na sisi. Rwanda ilitiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, na hapa Gisenyi, mji ambao wao waliuandika Kissenji, walikuwa na kituo chao mpakani. Lugha ya serikali yao kwa wenyeji ilikuwa Kiswahili, na maofisa wengi wa koloni lile walianza kujifunza Kiswahili katika madarasa ya Berlin. Kwa hiyo sauti za akina Amur zilitangulia kusikika Ulaya, kisha zikarudi Afrika katika vinywa vya watawala.

Aliye mashuhuri kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu aliyesoma elimu ya dini na kujua vema mila za pwani. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha pamoja na Carl Velten. Mwaka 1903 Velten alichapisha kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho mpaka leo ni hazina kubwa kwa yeyote anayetaka kujua ndoa, malezi, ngoma, sheria na biashara za watu wa pwani katika karne ya 19. Kwa sehemu kubwa kazi ile ilikuwa ya Mtoro, aliyeandika na kukusanya habari kwa wenzake. Lakini kitabu kilitoka kwa jina la Velten. Ilipita miaka 78 mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ilipoliweka jina la Mtoro mahali pake, katika kichwa cha kitabu.

Heshima ya darasani nayo haikuwa kamili. Baadhi ya wanafunzi wa Seminari hawakupenda kufundishwa na Mwafrika, wakamdharau, na hatimaye Mtoro akaiacha kazi ile. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 wakafunga safari pamoja kurudi Afrika. Walipofika, serikali ya koloni haikukubali washuke wakiwa mume na mke. Wakalazimika kurudi Ujerumani.

Gavana wa koloni wakati huo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Ni yule yule aliyepita nchini mwetu mwaka 1894, akaonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, kisha akafika katika ufuko wa Ziwa Kivu na kuendelea mpaka Bahari ya Atlantiki. Mgeni aliweza kulivuka bara zima. Mwenyeji hakuweza kushuka na mkewe katika bandari ya nchi yake. Mtoro alifundisha tena huko Hamburg, katika taasisi alikokuwapo Carl Meinhof, halafu akaishi kwa kuzunguka na kutoa mihadhara juu ya Afrika. Alifariki Berlin mwaka 1927. Hakuiona tena Bagamoyo.

Wengine waliofuata walikuwa na habari zao. Mdachi bin Sharifu alifundisha Berlin wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919 alisimama hadharani mbele ya Wajerumani kueleza maovu ya utawala wao katika Afrika. Mahjub bin Adam, aliyejulikana pia kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafika Ujerumani mwaka 1929, akasaidia kufundisha Kiswahili katika Seminari hiyo hiyo. Chini ya utawala wa Hitler alikamatwa mwaka 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Walimu wa Kiswahili tunapotaja mashahidi wa lugha yetu, jina la huyu lisisahauliwe.

Kwa upande wa Rwanda, baada ya Wabelgiji kushika nchi mwaka 1916, milango ya Ulaya ilikuwa myembamba sana. Kanisa lilipeleka wachache Roma. Mathalani Padri Alexis Kagame alisoma huko katika Chuo Kikuu cha Gregoriana kati ya miaka ya 1952 na 1955, akapata udaktari kwa kuchunguza falsafa iliyomo ndani ya Kinyarwanda. Mwami Mutara III Rudahigwa naye alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, na ushirikiano wa Rwanda na jimbo la Rheinland-Pfalz la Ujerumani ukaanza mwaka 1982. Mwaka 2004 Jumuiya ya Ulaya ilianzisha mpango wa Erasmus Mundus, ambao ulifungua vyuo vyake kwa wanafunzi wa mabara mengine pia.

Tumfikirie hasa Padri Kagame. Hakwenda Roma mikono mitupu. Alikwenda na lugha ya mama yake, akaifanya kuwa ndiyo mada ya uchunguzi, na akarudi na kazi yenye jina lake juu ya jalada. Vivyo hivyo Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba na mwandishi wa Utengano, alisoma Leipzig, na baadaye akawa profesa wa fasihi za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Bayreuth. Katika nchi ile ile ambamo Mtoro alikaa pembeni ya profesa, Mswahili alikalia kiti cha profesa. Kati ya mambo hayo mawili ipo karibu karne nzima.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na kwa sisi tunaoishi mlango kwa mlango na Goma, ni lugha ya soko na ya ujirani tangu zamani. Mwanafunzi wetu anapojaza fomu za kuomba nafasi ya masomo, aghalabu hueleza upungufu wake: hana fedha, chuo chake hakina vitabu. Ni kweli, na aeleze. Lakini hapana budi tumfundishe pia kueleza alicho nacho. Ajue kuandika Kiswahili sanifu, ajue kukusanya habari za wazee wake na kuzitia sahihi yake, na ajue kuuliza kabla ya kukubali: kazi nitakayoifanya huko itatoka kwa jina la nani, na nitarudi nayo vipi nyumbani? Mtoro hakuwa na mtu wa kumwambia aulize hayo. Wanafunzi wetu wanao walimu.