SOMO LA HISTORIA: GARI LENYE DAFTARI

 

Mtu asiyejua kusoma hupeleka barua yake kwa mwingine ili asomewe. Siri yake hujulikana kwanza na yule msomaji. Ninyi mnaojifunza mwaijua shida hiyo. Leo tutaona jinsi ilivyowapata wenye magari wa Marekani, watu waliosoma.

Zamani fundi aliutambua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza injini na kutazama moshi. Baadaye viwanda vilitia kompyuta ndani ya magari. Kompyuta huangalia injini na kuandika makosa yake, kama mtu aandikavyo katika daftari. Lakini kila kiwanda kiliandika kwa namna yake. Basi serikali ya Marekani, ikitaka kupunguza moshi mbaya, iliamuru kwamba magari madogo mapya, tangu yale ya mwaka 1996, yawe na tundu la namna moja chini ya usukani. Fundi yeyote mwenye chombo cha kusomea aliweza kukichomeka humo akasoma. Daftari likawa wazi.

Mwaka ule ule wa 1996, kampuni ya General Motors ilileta OnStar, chombo cha kuunganisha gari na kampuni kwa njia ya simu. Dereva akipata ajali, msaada huitwa. Hilo ni jambo jema. Lakini tangu hapo daftari lilianza kusafiri hewani, bila kupita katika tundu.

Watu wa jimbo la Massachusetts waliona hatari: fundi wa mtaani atakosa kazi. Mwaka 2012 walipiga kura ili mafundi wote wapewe habari za kutengenezea magari. Mwaka 2020 walipiga kura tena, ili habari zipitazo hewani ziwe wazi kwa mwenye gari na fundi amtakaye. Viwanda vilikwenda mahakamani vikisema kwamba mlango ukifunguliwa, wezi nao wataingia.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2015 wataalamu wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walilidhoofisha gari aina ya Jeep barabarani, wao wakiwa mbali. Kampuni iliyaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Lakini angalieni: mlango huo haukufunguliwa kwa mwenye gari, na hata hivyo wageni waliingia.

Mwaka 2024 gazeti la New York Times lilieleza kwamba General Motors ilikuwa ikiwapa wengine habari za madereva: saa za safari, mwendo wa kasi, breki za ghafula. Kampuni za bima zilizipata. Dereva mmoja alipandishiwa bima, na alipouliza, akaletewa kurasa zaidi ya 130 juu ya safari za gari hilo. Safari zilikuwa zake. Daftari lilisomwa na wengine. Mwezi wa Januari 2025 serikali ilitangaza sharti la kuizuia kampuni hiyo, kwa miaka 5, isiwape habari hizo wale wakusanyao habari za watu kwa ajili ya bima na mikopo.

Basi, mwenye daftari na alisome kwanza, naye aseme nani mwingine alisome.

MASWALI
1. Tundu la mwaka 1996 liliwafaaje mafundi?
2. Viwanda viliogopa nini?
3. Je, wewe ungependa nani asome daftari la gari lako?