Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo: Tarehe Fupi

Tabora, makutano ya njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji na ile ipandayo Karagwe na Buganda, katika karne ya 19 iliwapokea wapagazi wa Kinyamwezi waliojitwika frasila mbili za pembe au nguo, na pamoja nao iliwapokea watumwa wasio na hiari ya safari. Na Mapadre Weupe, waliofika hapo mwaka 1878, walianza kazi yao ya ualimu kwa watoto waliokombolewa katika utumwa huo. Hapo ndipo penye asili ya mbali ya chuo tunachokikumbuka leo.

Katika shule ya Mtakatifu Maria ya hapo Tabora, Mwalimu Julius Nyerere alisomesha tangu 1946 hadi 1949, huku akishughulika na siasa za chama cha Waafrika mjini. Marko Mihayo, ambaye jina lake chuo kimelirithi, alishika uaskofu mkuu wa Tabora tangu 1960 hadi 1985. Na katika zama zake, mwaka 1963, Kanisa likafungua mjini humo shule ya viziwi, ya kwanza katika nchi nzima, ili mtoto ambaye jamaa zake walidhani hana nasibu ya elimu akae darasani kama wenziwe.

Chuo chenyewe kiliasisiwa mwaka 2010, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Kazi yake kuu ikawa kulea walimu, wakiwamo wa elimu maalumu, fani isiyotosheka kwa huruma tupu: mwalimu wa viziwi akinena huku ameugeukia ubao, amekwisha kuwapoteza wanafunzi wake, na mwalimu wa vipofu hana budi kuzizoea nukta nundu, ambazo kwa kibao na msumari hudungwa kuanzia kuumeni kwenda kushotoni, mfano wa khati ya Kiarabu, kisha karatasi ikipinduliwa husomwa kushotoni kwenda kuumeni.

Basi insafu ya chuo kikuu haipimwi kwa hotuba za mahafali. Hupimwa pale mhitimu, akiisha kupangiwa Urambo au Sikonge, anapomwendea mzazi aliyemficha mtoto wake ndani akamshawishi hata mtoto akaandikishwa shule. Na pale mtafiti anapowarudia wanakijiji waliomjibu masuala yake, akawaeleza aliyoyaona, nao wakapata fursa ya kumsahihisha.